Kuutafuta Utamu wa Kutikisa Mwili: Shajara ya Mradi

Katika utu uzima wangu nimeanza mazoezi mara sita, na mara sita nimeyaacha. Nilipopekua madaftari ya miaka iliyopita nilikuta ratiba nzuri kabisa, zimechorwa kwa rula, na hakuna hata moja iliyofika wiki ya tano. Kila mara nilijiita mvivu. Lakini huyo anayeitwa mvivu anaweza kushinda siku nzima akihamisha kabati na vitanda ili chumba kipate sura mpya, na utotoni ilibidi aitwe mara tatu ndipo aache kukimbizana na wenzake. Nimeanza kuamini kwamba uvivu haukuwa tatizo. Nilikuwa naupa mwili kazi isiyo na utamu, kisha nashangaa ukinigomea.

Naandika ili mwenye kutaka kujaribu aone nilipopita, nilipokwama na nilichopoteza. Sitafuti kupunguza uzito wala kushinda mbio. Natafuta siku ambayo mwili wenyewe utaniomba tutoke.

Kabla ya kuanza nilikwenda kupimwa shinikizo la damu, likawa sawa. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au ugonjwa wa moyo aanzie kwa daktari, asianzie hapa.

6 Januari: vifaa na kipimo

Vifaa ni daftari moja, kalamu, na raba zangu za zamani. Kilichonichukua muda ni kipimo. Ratiba zangu zote zilizokufa zilipima dakika, kilomita au kilo. Hakuna iliyouliza najisikiaje. Mwaka 1989 watafiti Hardy na Rejeski walitoa kipimo chepesi mno cha hisia wakati wa mazoezi: namba moja tu, kuanzia -5, yaani vibaya sana, kupitia 0, hadi +5, yaani vizuri sana. Nimekichukua kama kilivyo.

Kila siku nitaandika namba tatu. Ya kwanza kabla ya kutoka: nadhani nitajisikiaje? Ya pili katikati ya kazi. Ya tatu mwishoni kabisa, kabla sijakaa chini. Mwisho wa kila hatua naandika pia gharama: muda, maumivu, na vitu nilivyonunua.

15 Januari: kukimbia alfajiri. Jaribio limekufa siku ya tisa

Mpango ulikuwa saa kumi na moja alfajiri, dakika 30, bila kusimama. Nilitoka siku sita kati ya tisa. Namba za katikati zilikuwa -2, -3, -3, -4, -4, -4. Za mwishoni zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu dakika ya mwisho nilijilazimisha kuongeza kasi ili nimalize kishujaa. Siku ya tano mbele ya miundi yote miwili ilianza kuuma nikikanyaga. Siku ya tisa iliuma hata nikiwa nimelala.

Nimekaa na namba hizo na kuona makosa mawili.

La kwanza ni kasi. Nilikuwa nikitweta hata siwezi kumaliza sentensi. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi kasi inavyogusa raha, na matokeo yake yanaeleza vizuri kilichonipata. Katika mazoezi mepesi na ya wastani watu wengi hujisikia vizuri. Ukikaribia kiwango ambacho pumzi inaanza kukushinda, wanadamu hutofautiana: mmoja anafurahia, mwingine anachukia. Ukikivuka, raha hushuka karibu kwa kila mtu. Mimi nilikuwa nakivuka dakika ya nne na kuishi huko hadi ya thelathini. Namba zangu zisingeweza kuwa nyingine.

Kipimo cha kasi kisichohitaji kifaa ni mdomo wako. Ukiweza kuimba, kasi ni nyepesi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, ni ya wastani. Ukikatizwa na pumzi kila baada ya maneno machache, ni kali.

Kosa la pili ni haraka. Niliruka kutoka kukaa kwenye kiti hadi kukimbia nusu saa. Moyo na mapafu huzoea mapema. Mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo maana miundi ililalamika wakati pumzi ilikuwa imeanza kutulia.

Gharama: siku 12 bila kukimbia, na hofu mpya ya sauti ya kengele ya alfajiri.

2 Februari: hatua 10,000

Nimeweka kihesabu hatua kwenye simu. Siku tano za kwanza ni nzuri: +1, +2, +2, +1, +2. Kutembea hakuumizi miundi.

27 Februari: nimekizima kihesabu hatua

Wiki ya pili bado nilikuwa natembea kwa furaha. Wiki ya tatu ikatokea siku ambayo saa nne na nusu usiku nilikuwa nimebakiza hatua 1,800, na nikaanza kwenda na kurudi ukumbini huku macho yangu yako kwenye simu. Namba ya katikati: -2. Siku nyingine chaji iliisha nikiwa nimetembea saa nzima kwenye njia nzuri yenye miti, na badala ya kufurahia nilirudi na kinyongo kama mtu aliyeibiwa. Nilipoona nimeandika "imepotea bure" kuhusu matembezi yale, nilisikitika kwa dhati. Miti ilikuwepo, upepo ulikuwepo, miguu ilikuwa myepesi, na bado nikasema imepotea kwa sababu hakuna aliyehesabu.

Nikaenda kutafuta namba 10,000 imetoka wapi. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kikiitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Ni jina la bidhaa, daktari hakuliandika. Baadaye sana, mwaka 2019, I-Min Lee na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake wazee zaidi ya 16,000: waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Kwa hiyo mtu mwenye hatua 5,000 hajashindwa kitu.

Sisemi kihesabu ni kibaya. Wapo kinaowasaidia, na kama namba inakupa nguvu, iache ifanye kazi yake. Mimi kiliniondoa njiani na kunipeleka kwenye kioo cha simu. Dawa niliyojaribu kabla ya kukizima ilikuwa kushusha lengo hadi 7,000. Haikusaidia, nilihama tu kutoka kufukuzia namba kubwa hadi kufukuzia namba ndogo.

Gharama: jioni nne zilizoharibika, na matembezi moja mazuri niliyoyatukana.

9 Machi: kugeuza mpangilio

Hapa ndipo mradi ulipopata uti wa mgongo, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Nilipozipanga namba zangu zote niliona kwamba namba ya mwisho ya siku moja inatabiri namba ya kwanza ya siku inayofuata. Nikimaliza kwa -4, kesho yake natarajia -4, na mara nyingi sitoki kabisa. Nikimaliza kwa +2, kesho natafuta raba mwenyewe. Katikati haikuwa na nguvu hiyo.

Kumbe jambo hili limeshajaribiwa. Mwaka 2016 Zachary Zenko na wenzake waliwaendeshesha watu baiskeli za mazoezi kwa dakika 15. Kundi moja lilianza polepole na kupandishiwa ugumu hadi mwisho. Lingine lilianza na ugumu na kushushiwa kidogo kidogo. Kazi yote kwa ujumla ililingana, lakini walioshushiwa walifurahia zaidi, walikumbuka raha zaidi, na walitarajia raha zaidi wakirudia. Kumbukumbu yetu ya jambo hushika sana kilele chake na mwisho wake, na mimi miaka yote nimekuwa nikimaliza kwenye uchungu, nikijifungia mlango wa kesho kwa mkono wangu.

Nikageuza. Njia yangu ya kutembea ina kilima. Nilikuwa nakiacha mwisho ili kuondokana nacho. Sasa nakipanda mwanzo, kisha narudi kwenye tambarare, kisha dakika kumi za mwisho natembea mwendo wa mtu asiye na haraka na chochote. Siku nne mfululizo: +2, +3, +3, +4 mwishoni. Kilima ni kilekile. Muda ni uleule.

13 Machi: shavu la mguu

Nilifurahi mno nikasahau mwili ni nyama. Siku ya tano nilitoka kitandani moja kwa moja hadi kilimani, kukiwa na baridi, nikakipanda mbio. Katikati nilihisi kama nimepigwa jiwe nyuma ya mguu wa kulia. Msuli wa shavu la mguu umevutika.

Kosa ni kwamba niliposoma "anza na gumu" nilielewa "anza na gumu ukiwa baridi". Sivyo. Kupasha mwili moto kunabaki palepale: dakika 5 hadi 10 za kutembea kwa wepesi, kuzungusha mabega na nyonga, kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu mara kadhaa. Kisha gumu, kisha wepesi unaorefuka hadi mwisho. Atakayenakili mradi huu aiandike sentensi hiyo kwa wino mwekundu.

Gharama: siku 16 za kuchechemea. Nimejifunza pia kwamba mtu aliyezoea kutoka hujisikia vibaya akizuiwa. Siku ya saba niliona wivu kumwona mtu akitembea tu barabarani. Miezi miwili nyuma nisingemtazama.

30 Machi

Nimerudi. Dakika 15, tambarare tu. +3.

19 Aprili: deki, ndoo na ngazi

Wakati mguu unapona nilikuwa nasogea ndani ya nyumba tu, na nikajiuliza kama kazi za nyumbani nazo zinaweza kuingia kwenye daftari. Awali nilidhani hapana. Kichwani mwangu mazoezi yalikuwa na nguo zake na saa yake. Kufua na kupiga deki vilikuwa kero zinazokula muda wa mazoezi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020 unaopendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kusogea kwa nguvu ya wastani, au 75 hadi 150 za nguvu kali, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo wa 2010 ulitaka kila kipande kifike angalau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Huu wa 2020 uliondoa sharti hilo. Dakika tatu za kubeba ndoo zinahesabiwa. Na ushahidi wa kwamba kazi ya siku inaulinda mwili ni wa zamani: mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye kiti katika basi lilelile.

Lakini afya si utamu, na mimi natafuta utamu. Deki ya kwanza niliyoiandika ilipata -1. Nilipinda mgongo, magoti yamenyooka, nikivuta kitambaa kwa mkono mmoja ili niwahi kumaliza. Kiuno kiliuma hadi kesho yake.

Nilibadili vitu vitatu, kimoja kimoja, ili nijue kipi kinafanya kazi. Kwanza nilipata dekio la mpini mrefu. Kiuno kilipona, namba ikawa 0. Kisha nikaanza kupinda kwenye nyonga na magoti badala ya mgongo, na kubadili mkono wa mbele kila chumba. Mapaja yakaanza kufanya kazi, na nikahisi joto zuri. +1. Kitu cha tatu ndicho kilichonishangaza: niliacha kuwahi. Nilijipa muda mara moja na nusu ya ule niliouzoea. Nikaanza kusikia mvuto wa mabega pande mbili, uzito wa maji kwenye ndoo ukihamia kutoka mkono hadi mguu wa upande wa pili, ubaridi wa sakafu kwenye nyayo. +3. Kazi ni ileile ambayo nimeinung'unikia tangu nikiwa msichana. Haraka ndiyo iliyokuwa ikinichosha, kuliko deki yenyewe.

Si kila kazi iliyokubali. Kuosha vyombo nimejaribu mara nane, haikuvuka 0; kusimama pahali pamoja kunanichosha miguu, na sijapata dawa. Nimeiacha iwe kazi tu.

Ngazi zina fundisho lake. Nilipanda ghorofa nne na kushuka, mara tano, nikijisifu. Siku ya pili nilishindwa kukaa bila kushika ukuta. Nilidhani kupanda ndiko kulikoniumiza, maana ndiko kulikonihemesha. Kumbe ni kushuka. Unaposhuka, misuli ya mapaja inakaza huku ikirefushwa ili kukuzuia usianguke, na ukazaji wa namna hiyo ndio unaoleta maumivu yanayochelewa, ambayo kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi. Baada ya kupona nilishuka mara mbili tu, siku chache baadaye tatu, na tangu hapo sijashikilia ukuta.

11 Mei: zawadi iliyoniharibia

Nilijiahidi raba mpya nikitimiza siku 20 mfululizo. Nilitimiza. Namba za katikati katika siku hizo zilishuka taratibu kutoka +3 hadi +1, na siku ya 21, raba ziko miguuni, sikutaka kutoka. Nilikuwa nimemaliza biashara.

Edward Deci alilionyesha jambo la jamaa hii mwaka 1971: wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo ya vipande walipunguza muda wa kuyachezea kwa hiari malipo yalipokoma, kuliko wenzao wasiolipwa. Naamini zawadi iliniambia kwamba kutembea ni kazi inayohitaji mshahara. Sitarudia. Kinachobaki kuwa kizuri ni raba zenyewe, ingawa nazo nilikosea: nilizijaribu asubuhi, na miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Zilinibana, ukucha wa kidole gumba cha kushoto ukawa mweusi na wiki tatu baadaye ukang'oka. Jaribu viatu jioni, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu.

1 Juni: kutembea na dada

Dada yangu mkubwa aliomba tutembee wote Jumapili. Yeye ana miguu mirefu na moyo wa chuma. Dakika ya kumi akasema, "Mdogo wangu, mbona umenyamaza? Nimekuudhi?"

"Hapana, dada. Nikijibu nitakosa pumzi."

Alisimama palepale. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Aliniambia miaka yote tukitembea amekuwa akidhani nina hasira, kumbe nilikuwa nakimbizana naye. Tangu siku hiyo mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia, mwingine anafuata. Namba za katikati zimetoka -1 hadi +4. Tunatembea umbali uleule kwa muda mrefu zaidi, na siku hizi tunazungumza mambo ambayo hatujawahi kuzungumza tukiwa tumekaa, labda kwa sababu hatutazamani usoni.

22 Juni

Mafua, homa, siku tisa kitandani. Zamani hapa ndipo ratiba zilipofia, kwa sababu nilirudi palepale nilipoachia na kushindwa. Safari hii nimerudi kwa nusu ya muda na theluthi ya kilima. +2. Inatosha.

13 Julai: mlango umefungwa, pazia limeshushwa

Nimecheza muziki. Naandika hivi kwa furaha kwa sababu nilikuwa sijacheza tangu nilipoambiwa, nikiwa na miaka kumi na minne, kwamba nacheza kama mtu anayekimbia nyuki. Nilikubali neno lile likakaa nami zaidi ya miaka ishirini.

Majaribio mawili ya kwanza yalifeli. Nilisimama mbele ya kioo na video ya mwalimu, nikajaribu kufuata mikono yake. -2, -3. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo yakitafuta kosa, na yalilipata. Jaribio la tatu niligeuza kioo kiangalie ukuta na kuzima video. Nikabaki na wimbo tu, wenye mapigo yanayokaribiana na mwendo wangu wa kutembea, na nikaanza kwa kutembea papo hapo. Mguu ukashika mdundo. Nyonga zikafuata bila kuombwa. Kisha mikono. Wimbo wa tatu nilifumba macho.

Nilipofungua daftari baadaye niligundua namba ya katikati haipo. Nilisahau kujiuliza. Ni mara ya kwanza tangu Januari, na nilikaa chini nikalia kidogo, machozi ya mtu aliyeokota kitu alichodhani kimepotea kabisa. Mwishoni: +5.

Tangu siku hiyo nimeacha kuandika namba ya katikati. Imefanya kazi yake.

10 Agosti: hesabu

Nimekaa na daftari zima. Siku nilizotoka au kusogea kwa makusudi: 141. Siku nilizoandika matarajio na matokeo yote mawili: 118. Katika hizo, siku 87 nilijisikia vizuri kuliko nilivyotarajia, 19 sawasawa, na 12 tu vibaya kuliko nilivyodhani. Kadhaa kati ya hizo 12 ni za Januari. Mwaka 2011 Matthew Ruby na wenzake walikuta jambo hilihili kwa watu wengi: hukadiria raha ya mazoezi chini ya ilivyo kweli, kwa sababu mawazo yao hung'ang'ania dakika za mwanzo, ambazo kweli si tamu. Sasa nikisimama mlangoni sitaki kutoka, sijibishani na nafsi. Nafungua ukurasa nautazama. Kisha natoka dakika tano, na nina ruhusa kamili ya kurudi. Nimeitumia ruhusa hiyo mara sita, na mara zote sita sikujilaumu.

Gharama hadi leo: siku 12 za miundi, 16 za shavu la mguu, 9 za mafua ambazo si kosa la mradi, ukucha mmoja, raba moja niliyoigawa, nyingine iliyonikaa vizuri, dekio moja, daftari mawili. Muda ni kama dakika 35 kwa siku ukigawanya yote, ukiondoa deki, ambayo ningepiga tu.

Ambacho hakijakaa sawa: kuimarisha misuli. Mwongozo unasema siku mbili kwa wiki. Mimi nafikia moja, tena kwa shida. Kusukuma sakafu kwa mikono bado ni -2. Nimehamia kusukuma ukuta nikiwa nimesimama, nayo ni 0. Nitajaribu meza iliyo imara, halafu niandike.

24 Agosti: kamba

Binti wa kaka yangu, mwenye miaka minane, alinikuta uani akanikabidhi kamba yake. Nilijaribu, nikajikwaa, nikajaribu tena, nikitua kwa kishindo. Alinitazama kwa makini kama fundi.

"Shangazi, unaruka juu sana. Kamba ni nyembamba."

Nikashusha miruko hadi kamba ipite tu chini ya nyayo, nikatua kwa vidole, viwiko karibu na mbavu, viganja ndivyo vinavyozungusha. Kumi na moja mfululizo. Kisha kumi na saba. Tulipokezana hadi giza likaingia, na aliyeitwa mara tatu ndani ya nyumba safari hii tulikuwa wawili.

Usiku huu muundi wa kushoto umeanza kunong'ona, na nimeutambua mapema. Napumzika siku tatu, kisha narudi na miruko 20 kwa siku, juu ya udongo badala ya saruji. Ameniuliza kama Jumamosi nitakuja. Nimemwambia nakuja, na nimeomba aniachie kamba.